Ufundi wa Kuvuka Mlango wa Ukoo

Zamani Kisii na Nyamira, posa haikuwa neno la vijana wawili. Kwanza alitumwa esigani, mshenga wa Wagusii, aulizie ukoo: wana uchawi? Wana ugonjwa? Akirudi na habari za kichaa, ng'ombe wa mahari hawakutoka zizini. Simcheki. Alishatambua kwamba baadhi ya magonjwa ya akili huandama damu. Ila uchunguzi wake uliishia mlangoni mwa ukoo, na binti wa watu akabaki na doa.

Ninaowasifu mimi ni wanaouvuka mlango huo na kuuliza: hicho kinachorithiwa, mwilini kinafanya kazi gani?

Chukua skizofrenia, mojawapo ya magonjwa hayo ya akili. Ishara yake kubwa ya kurithi ilijulikana kuwa kwenye kromosomu ya 6, kwenye msongamano wa mamia ya jeni, nyingi zikiwa za kinga ya mwili. Ni ipi hasa? Mwaka 2016 Steven McCarroll, Beth Stevens na wenzao huko Boston waliitaja mojawapo: C4. Iliwabidi kwanza wahesabu nakala za jeni hiyo, maana watu hatulingani. Huyu anazo nyingi, yule chache. Wakalinganisha vinasaba vya watu wapatao 65,000, wakapima ubongo wa marehemu, kisha wakageukia panya wachanga na kukagua neva zitokazo jichoni. Panya asiye na C4 alibakiwa na miunganiko ya seli ambayo ingepaswa kupogolewa. Kumbe protini ya kinga itokanayo na C4 husaidia kuchagua miunganiko ya kuondolewa! Ikizidi, huenda ubongo ukapogolewa kupita kiasi, tena katika ujana, umri uleule ambao wagonjwa wengi huanza kusikia sauti zisizo na msemaji.

Na hatari yenyewe? Hupanda kidogo tu. Wengi wenye nakala nyingi za C4 ni wazima kabisa, na fundi wa kweli hulisema hilo kabla hajaulizwa.

Hesabu hizo zilitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana mradi wa utafiti wa NeuroGAP ukaja kukusanya mate ya kupimia vinasaba huko Eldoret na Kilifi, na vilevile Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi zaidi, na vipande vinavyorithiwa kwa pamoja ni vifupi, hivyo jeni husika haijifichi kirahisi nyuma ya majirani zake. Kabla ya kutema mate kwenye kichupa, mshiriki aliulizwa maswali kuona kama ameelewa anachokikubali. Asiyeelewa alielezwa upya.