Grafiki zetu na ile « é » inayoharibika

Ndugu na dada lisansie, angalieni vizuri raporo zinazopita kwenye simu zetu: za kakao, za lishe, za afya. Mara nyingi hesabu ni safi na rangi ni nzuri, lakini chini ya nguzo kumeandikwa « DÃ©cÃ¨s » ao « FÃ©vrier ». Msomaji anapita tu, anasema ni mambo ya mashini. Mimi naona ni mambo ya yule aliyetuma raporo bila kuisoma.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe. Mashini haijui herufi, inajua namba. Katika UTF-8, utaratibu uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson pamoja na Rob Pike, « é » inachukua baiti mbili. Katika utaratibu wa zamani wa Windows, ule wa 1252, kila herufi ni baiti moja. Ukifungua faili ya CSV kwa kuibonyeza mara mbili, na mwanzoni mwake hakuna ile alama ndogo ya kuitambulisha, Excel haikuulizi kitu. Inakisia, na mara nyingi inachagua ule wa zamani. Baiti mbili zinakuwa herufi mbili, « Ã » na « © ». Faili ya zamani ikisomwa kama UTF-8 unapata �, alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Na kisanduku kitupu ni jambo lingine tena: herufi iko, ila fonti haina umbo lake. Magonjwa matatu, lakini watu wanayapa dawa moja tu: kufuta aksa zote.

Hiyo dawa njo naipinga. Kifaransa cha raporo bila aksa kinageuza maana. « Risque élevé » inakuwa « risque eleve », na mwenye haraka anasoma « élève », mwanafunzi. « Marché » inakuwa « marche ». « Tué » inakuwa « tue », yaani aliyeuawa anageuka kuwa yule anayeua. Hapa kwetu, Beni na Butembo, hayo si maneno ya kuchezea.

Tukumbuke tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa, na Mangina ikawa jina la kwanza kusikika, katika zoni ya afya ya Mabalako. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Kipindi kile chote watu wengi hawakuiamini riposte. Mtu mwenye mashaka namna ile, ukimpa nguzo iliyoandikwa « DÃ©cÃ¨s », hatasema ni shida ya baiti. Atasema kuna kitu kinafichwa. Utamlaumu?

Lakini kuna makosa mabaya zaidi, juu hayaonekani. Alama « < » na « & » katika XML zina kazi yake. Grafiki ya SVG yenye « Cacao & café » iliyoandikwa hivyo hivyo ndani ya kodi inakataa kufunguka. Hiyo afazali, unajua imeharibika. « <5 ans » ni hatari zaidi: programu zingine zinaona « < » ni mwanzo wa amri, zinafuta yote yanayofuata, na nguzo ya watoto wadogo inabaki bila jina. Ni wale wale ambao raporo ya lishe iliandikwa kwa ajili yao. Hapo nakubali tuache alama, tuandike « Moins de 5 ans » kwa maneno. Na wale wa « 5-9 » nao wachunge, Excel ya Kifaransa inaweza kuwapa « 05-sept ».

Apostrofu nayo! Mashini inaandika « Zone d'Oicha » na mkato ulionyooka. Simu zingine zinaandika « Zone d’Oicha » na mkato uliopinda. Kwa jicho letu ni Oicha moja, kwa programu ni mahali pawili. Grafiki inaleta nguzo mbili fupi pahali pa moja ndefu. Sasa fikiria mtu anayegawa mbegu kwa kuangalia urefu wa nguzo. Hakuna herufi iliyoharibika, hakuna anayeshituka, na wakulima wa Oicha wanapata kidogo.

Watengenezaji wa programu wana deni lao, juu hii lugha ya Kifaransa haikuanza jana. Lakini tusiwangojee. Katika Excel pita kwenye « Données », kisha « À partir d’un fichier texte/CSV », na uchague 65001, Unicode (UTF-8). Wakati wa kuhifadhi, chagua CSV UTF-8. Kama data inatoka Kobo, toa XLS pahali pa CSV, « é » itabaki « é ». Mikato ya apostrofu ibadilishe yote iwe ya aina moja mbele ya kuhesabu, si kisha. Na ninyi wa R, pdf() ikiwapa nukta mbili pahali pa « é », jaribuni cairo_pdf().