Kaa Demani

Tulitoka Tanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, wauza maandazi wa Ngamiani ndiyo kwanza wanawasha majiko. Baiskeli mbili, chupa nne za maji yaliyotiwa sukari na chumvi kidogo, tyubu mbili za akiba, pampu, viraka, gundi, na mfuko wa viazi vitamu vilivyochemshwa usiku. Tulikuwa tunakwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 160, kujipima kabla ya safari ndefu zaidi tuliyokuwa tukiipanga, ya kutoka Tanga hadi Moshi. Mimi na mjomba wangu. Kwetu mjomba na mpwa huitana "mjomba" wote wawili, kwa hiyo siku nzima neno hilo lilirushwa mbele na kurudishwa nyuma.

Mjomba ni fundi baiskeli. Ana miaka 58, mwembamba, na baiskeli yake ni ya mtumba, fremu ya chuma, aliyoikusanya mwenyewe kipande kwa kipande. Tanga ni mji wa baiskeli. Barabara zake ni tambarare, na asubuhi utawaona akina mama wenye mabaibui, wanafunzi, wauza samaki, wazee wanaokwenda msikitini, wote wakikanyaga pedali. Kwa kuwa kila mtu anaendesha, ni wachache wanaofikiri kwamba kuna jambo la kujifunza ukishaacha kuanguka. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipoanza kukaa nyuma ya mjomba.

Ufundi ninaotaka kuusifu si wa kwenda mbio. Ni wa kumtangulia mwenzako njiani kwa namna ambayo yeye nyuma hasumbuki. Kuueleza ni kazi, kwa sababu ukifanywa sawasawa hauonekani. Anayeujua ni yule wa nyuma peke yake, na hata yeye huujua kwa mambo ambayo hayakutokea.

Anza na upepo. Kwenye lami tambarare, ukishafika mwendo wa kilomita 25 kwa saa, nguvu nyingi za miguu haziendi kwenye tairi wala kwenye mnyororo. Zinaliwa na hewa unayoipasua. Na ukizidisha mwendo mara mbili, hewa haikukinzi mara mbili bali mara nne. Anayekaa nyuma, tairi lake likiwa shubiri mbili tatu kutoka tairi la mbele, huokoa kama robo ya nguvu zake, hata theluthi mwendo ukiwa mkali. Wa mbele naye hupata nafuu ndogo, maana hewa haijikunji tena mgongoni mwake na kumvuta. Kwa hiyo watu wawili wanaojua kupokezana hufika mbali kuliko yeyote kati yao angefika peke yake.

Lakini Agosti ni mwezi wa kusi, upepo wa kusini, na njia ya kutoka Tanga kwenda Muheza inaelekea magharibi na kuinama kusini kidogo. Upepo haukutoka mbele, ulitupiga ubavuni kushoto. Hapo kumfuata mtu mgongoni moja kwa moja hakusaidii. Kinga imehama, iko nyuma yake upande wa kulia. Babu yetu alikuwa baharia wa jahazi, na mjomba amerithi maneno yake. "Kaa demani, mjomba," alinambia tulipotoka tu mjini. Demani ni upande ule upepo unakotokea baada ya kupita chombo. Joshini ni upande unakoingilia. Yeye akajisogeza kushoto hadi ukingoni kabisa mwa lami, mahali penye mchanga na vipande vya vioo, ili mimi nipate nafasi ya kukaa demani bila kuingia katikati ya barabara. Nilikwenda kilomita tano kabla sijaelewa kwamba ameichagua njia mbaya kwa makusudi.

Tatizo ni kwamba kulia ndiko magari yanakopita. Kinga na hatari vimekaa upande mmoja. Kwa hiyo mjomba alikuwa anafanya kazi ya tatu juu ya zile mbili za kukanyaga na kukinga: alikuwa anasikiliza. Lori likiwa mbali bado, kabla mimi sijasikia chochote, alisema neno moja, "nyuma," nami nikaingia mgongoni kwake, upepo ukanipiga, lori likapita, nikatoka tena demani. Nikishatulia mahali pangu niligonga kengele mara moja. Hiyo ilikuwa alama yetu: mlio mmoja, maana yake nimefika, nipo. Hakugeuka hata mara moja kunitazama. Anayegeuza kichwa hugeuza na mabega, na mabega huvuta usukani.

Nilikaa nikimtazama saa nzima, nikaanza kuyaona yale ambayo hayatokei. Hapigi breki. Akitaka kupunguza mwendo huinuka kitandikoni kiasi, akakifungua kifua, upepo ukamzuia polepole, nami nyuma nikapungua naye bila kushtuka. Akitaka kusimama juu ya pedali kunyoosha mgongo, kwanza hubadili gia moja kuwa nzito zaidi, halafu huinuka mguu ukiwa unasukuma. Jambo hili dogo lina sababu kubwa. Mtu anapoinuka ghafla, miguu hukosa kazi kwa nukta moja na baiskeli hurudi nyuma kama shubiri nzima. Na shubiri ndiyo yote tuliyokuwa nayo kati yetu. Nimewaona vijana wakianguka vibaya kwa ajili ya shubiri hiyo.

Kwenye shimo hakupiga kelele. Mkono wa kushoto ulishuka, kidole kikaelekeza, na tayari alikuwa ameanza kukwepa mapema kiasi kwamba njia yetu ilikuwa upinde mpana tu. Kwenye tuta alisema "tuta." Kwenye kokoto alitikisa kiganja mara mbili. Maneno machache, kila moja mahali pake. Mtu akisema mengi barabarani, la muhimu hupotea ndani yake.

Mashamba ya mkonge yalituanza kabla ya Muheza. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mistari yake imenyooka hata ukipita kwa baiskeli inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga. Mjomba hupenda kupitia hapo kwa sababu ya hesabu. Huhesabu mguu wa kulia ukishuka, thelathini na tisa, arobaini kwa nusu dakika, na anasema mistari ya mkonge inamsaidia kutokubabaika. Miguu izunguke haraka kwenye gia nyepesi, ndiyo kanuni yake. Gia nzito hula magoti, na goti halina kiraka.

Hapo ndipo aliponipa mbele. Alijitoa kushoto, upande wa joshini, akaacha kukanyaga, nikampita. Nami nikafanya kosa ambalo nadhani kila mgeni wa kazi hii hulifanya: nilipoona njia tupu mbele yangu, nikaongeza mwendo. Sikukusudia. Miguu ilikuwa imepumzika, moyo umefurahi kukabidhiwa. Nikasubiri kengele. Haikulia. Nilipogeuka (nikayumba, bila shaka) alikuwa hatua hamsini nyuma, anakuja kwa mwendo uleule aliokuwa nao, hakimbii. Aliponifikia hakunigombeza. Alisema, "Mjomba, ukipewa mbele umepewa mtu." Akapita, akashika mbele tena kwa dakika kumi, halafu akanipa mara ya pili.

Mara ya pili nilijifunza kwamba kupokea zamu vizuri ni kutobadilisha kitu. Anayetoka mbele amechoka, na dakika ile anayorudi nyuma na kujipachika tena ndiyo dakika yake ngumu kuliko zote. Ukiongeza mwendo wakati huo, umemfungia mlango. Nilihesabu mguu wa kulia, nikasikia kengele, na tukaenda hivyo hadi Muheza, dakika kumi zake, dakika tano zangu.

Muheza tulikula machungwa, kila mmoja matatu, tukajaza chupa. Hale tulipita bila kusimama. Segera njia iligeuka kulia kuelekea Korogwe, na kusi lililokuwa ubavuni likahamia mgongoni.

Upepo ukikusukuma, masikio yanafunguka. Nilisikia mnyororo wangu, nikasikia wake, na mjomba akasikia kitu ambacho mimi sikukisikia. "Gurudumu lako la mbele linalalamika." Korogwe, chini ya mwembe, aligeuza baiskeli yangu kichwa chini, akalishika tairi kwa vidole viwili na kulitikisa kushoto na kulia. Lilicheza kidogo sana, chini ya unene wa kucha. Koni ilikuwa imelegea, gololi zinahangaika. Alichukua spana mbili nyembamba, akakaza mpaka mchezo ukaisha, akazungusha gurudumu akiwa ameweka sikio karibu na ekseli, akatikisa kichwa, akalegeza kiasi cha unywele. Kisha akakaza nati ya nje, na koni ikazidi kukaza kidogo kama inavyofanya siku zote, ndiyo maana alikuwa amelegeza ule unywele mapema. Aliporudia kuzungusha, gurudumu lilikwenda muda mrefu, likapunguza mwendo, kisha likarudi nyuma lenyewe kidogo kwa uzito wa valvu kabla ya kutulia chini. Hapo akaridhika. Nimewaona mafundi wengi wakiikaza ekseli kwa nguvu za mkono. Yeye hukaza kwa sikio.

Toka Korogwe hadi Mombo barabara haiko mbali na reli ya Usambara, ambayo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Treni haipendi kilima, na mahali reli ilipochaguliwa kupita ni mahali pa huruma kwa mwenye baiskeli pia. Milima ilisimama kulia kwetu, nasi tulikuwa tunapita miguuni pake. Mombo tukapinda kuielekea.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na njia hupanda karibu mita elfu moja. Kwa mwendo wa kilomita 9 au 10 kwa saa, kinga ya upepo haina thamani tena. Nilidhani ufundi wa mjomba umeishia chini. Badala yake alisema, "Tangulia," akakaa nyuma yangu. Mlimani anayechoka haraka ndiye anayepaswa kupanga mwendo, na mimi ndiye niliyechoka. Akawa ananisikiliza kama alivyolisikiliza lile gurudumu. Pumzi yangu ilipokuwa fupi alianza kuniuliza mambo, shamba la nani lile, ndizi zile za aina gani, na ili nimjibu ilinibidi nipunguze mwendo. Sikugundua hila hiyo mpaka tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, tulipoketi kula viazi vya mwisho.

Kona za njia ile alinifundisha pia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona ya kulia hutupitisha nje ambako mteremko ni mpole, na kona ya kushoto hutubana ndani, penye ukali. Badili gia kabla hujaiingia. Ukingoja mpaka pedali zikatae, mnyororo hautahama, na ukihama utakatika. Mabasi yalipiga honi kabla ya kuingia kona, nasi tukasimama pembeni kuyapisha, mguu mmoja juu ya jiwe.

Baada ya Soni hewa ilikuwa baridi. Kabichi mashambani, watoto wakiuza matunda kwenye ndoo, ukungu ukishuka. Mji ulipokaribia njia ililegea, tukapata kipande cha karibu tambarare, na kwa mara ya kwanza tangu Mombo mwendo ulifika mahali ambapo mgongo wa mtu unafaa kitu. Upepo ulitoka kulia. Nilijisogeza kuuelekea, nikaacha nafasi nyuma yangu kushoto, upande wa demani, nikashikilia mwendo uleule. Sikugeuka. Nilihesabu mguu wa kulia: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Kengele ikalia mara moja.