Nani Alimwacha Nani Huru?

Mwanafunzi wa sarufi hujua tangu siku zake za mwanzo jambo ambalo mtunga hotuba za ukumbusho aghalabu hulisahau: kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kumficha mtenda bila ya kuacha alama. Tukisema, "watumwa waliachwa huru", ile -w- ndogo yatuambia kwamba yuko mtu mwingine, nje ya sentensi, aliyelitenda tendo lile, na kwamba wale tunaodai kuwaheshimu walitendwa tu. Tukisema, "walijikomboa", mambo yamegeuka. Hata jina mtumwa ni la kauli hiyo hiyo ya kutendwa, maana latokana na tuma. Basi yawezekana mtu akatoka katika kutumwa akaingia katika kuachwa, na habari zake zikasimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho pasipo yeye kutenda neno.

Nakusudia kutazama kwa jicho hili la sarufi namna serikali, makanisa, vyama na siku hizi hata makampuni yanavyoadhimisha mwisho wa utumwa na kuienzi historia ya watu weusi. Najua wako watakaosema kwamba sanamu si sentensi. Lakini sanamu nayo ina mtenda na mtendwa, ina aliyesimama na aliyeinama, na mtazamaji huisoma kabla hajalifikia kibao cha maelezo.

Tuanze na Washington. Katika bustani iitwayo Lincoln Park, upande wa mashariki wa jengo la Bunge, iko sanamu ya shaba iliyofunuliwa tarehe 14 Aprili, 1876, miaka kumi na mmoja kamili tangu siku Abraham Lincoln alipopigwa risasi. Lincoln amesimama, mkono wa kulia ameshika Tangazo la Ukombozi, na mkono wa kushoto ameunyosha juu ya mtu mweusi aliyepiga goti miguuni pake, kifua wazi, pingu zimekatika. Mchongaji alikuwa Thomas Ball, Mmarekani aliyefanya kazi yake Florence, katika Italia.

Fedha zilitoka kwa watu weusi wenyewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa, Charlotte Scott, aliposikia habari za kifo cha Lincoln mwaka 1865, alitoa dola 5 za jasho lake ziwe mwanzo wa mchango. Na askari weusi wa jeshi la Muungano wakaongeza zao. Lakini mfuko uliwekwa mikononi mwa chama cha watu weupe huko St. Louis, chama kilichoundwa wakati wa vita kuwahudumia askari wagonjwa na majeruhi, na chama hicho ndicho kilichochagua sanamu. Waliotoa fedha hawakuulizwa sura. Haki yataka niseme kwamba chama hakikuwa kipofu kabisa: kilimtaka mchongaji aubadili mfano wake wa kwanza, ili mtu yule aonekane akikaza misuli na kuvuta mnyororo wake mwenyewe. Mchongaji akakaza misuli. Goti akaliacha pale pale.

Uso aliopewa mtu yule ulichukuliwa katika picha ya Archer Alexander, wa jimbo la Missouri. Alexander hakungoja kuachwa na mtu. Alitoroka mwaka 1863. Na Tangazo la Ukombozi, ambalo shaba yatuonyesha likimwinua, halikuihusu Missouri hata kidogo, maana lilitaja majimbo ya waasi tu, na Missouri haikuasi. Mtu aliyejitoa utumwani kwa miguu yake amepigishwa goti mbele ya karatasi isiyomtaja, na amebaki hivyo kwa muda wa karne na nusu. Ni vigumu kupata katika maandishi ya kubuni kejeli kali kuliko hii.

Siku ya kuifunua, mhutubu alikuwa Frederick Douglass, mtoro naye, aliyekimbia Maryland mwaka 1838. Rais Grant alikuwapo. Hotuba ya Douglass yafaa isomwe na kila anayetaka kujua mtu mwenye adabu asemeje katika karamu ambayo chakula chake hakikumpendeza. Hakuitukana sanamu, wala hakuisifu. Aliwaambia wasikilizaji weupe kwamba Lincoln alikuwa kwanza Rais wao, kwamba wao ndio watoto wake, na watu weusi ni watoto wa kambo. Kisha, baada ya kuyapima makosa na kusitasita kwake kote, akatoa shukrani kwa yale yaliyotimia katika utawala wake. Siku chache baadaye aliandika barua gazetini, na barua hiyo ilisahauliwa hata wanahistoria walipoivumbua tena mwaka 2020. Humo alisema wazi kwamba angependa, kabla hajafa, kumwona mtu mweusi katika sanamu akiwa amesimama wima kama mtu, si kwa magoti kama mnyama. Akaongeza kwamba bustani ile ina nafasi ya kutosha kwa sanamu nyingine.

Nafasi hiyo ilijazwa miaka 98 baadaye. Mwaka 1974 baraza la wanawake weusi lilisimamisha humo sanamu ya mwasisi wake, Mary McLeod Bethune, binti wa wazee waliokuwa watumwa South Carolina. Bethune amesimama na fimbo yake, akiwapa watoto wawili wosia. Sanamu ya zamani ikageuzwa ili Lincoln aelekee kwake. Huu ndio uhakiki bora wa sanamu ya Ball niliopata kuusoma, nao haukuandikwa kwa wino. Boston, ambako nakala ya sanamu hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1879, walichagua njia nyingine, wakaiondoa mwezi Desemba 2020. Mimi naipenda zaidi njia ya Washington, ijapokuwa nakiri kwamba ni rahisi kwa mtu asiyepita hapo kila asubuhi kusema hivyo.

Carter G. Woodson alilielewa jambo hili mapema. Alikuwa mwana wa watumwa wa zamani, alichimba makaa ya mawe katika ujana wake, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari Harvard. Chama chake cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi kilianzishwa Chicago mwaka 1915, na mwezi Februari 1926 kikatangaza juma moja la historia hiyo, lililochaguliwa ili liguse siku za kuzaliwa za Lincoln na Douglass. Wengi hulitaja juma lile, lililopanuliwa likawa mwezi mzima mwaka 1976, kana kwamba lilikuwa sikukuu. Woodson alilikusudia kuwa mtihani: juma la kuonyesha yale ambayo watoto wamejifunza mwaka mzima. Ndiyo maana chama chake kilipeleka mashuleni picha, michezo ya kuigiza na vitabu. Shule inayofungua kabati Februari na kulifunga Machi haimuenzi Woodson, yamrudisha alikoanzia.

Nije sasa kwenye tarehe 19 Juni. Siku hiyo mwaka 1865 Jenerali Gordon Granger alitangaza Galveston, katika Texas, Amri yake ya 3, kwamba watumwa wote wako huru. Tangazo la Lincoln lilikuwa limekwisha anza kutumika tangu tarehe 1 Januari, 1863. Watu kiasi cha 250,000 walikuwa bado wakitumikishwa Texas, na si kwamba habari ilichelewa njiani; kilichokosekana ni jeshi la kuitimiza. Sherehe nyingi za leo huisoma sentensi ya kwanza ya amri ile, kisha ngoma hupigwa. Msomaji aendelee. Sentensi ya pili yasema kwamba baina ya mabwana na watumwa wa zamani pana usawa kamili wa haki, za nafsi na za mali. Hiyo nayo ni njema. Kisha yanafuata maneno ya kuwashauri walioachwa huru wakae kimya mahali walipo na kufanya kazi kwa mshahara, na onyo kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye vituo vya askari, wala hawatalishwa katika uvivu. Hivi ndivyo walivyosalimiwa, siku ya kwanza ya uhuru wao, watu waliolima pamba pasipo ujira maisha yao yote: kwa kuonywa juu ya uvivu.

Watu wale hawakukaa kimya. Walianza kuisherehekea siku hiyo mwaka uliofuata. Houston, mwaka 1872, makanisa yao yalichanga fedha na kununua ekari 10 ili wapate mahali pa kufanyia sherehe, na bustani hiyo ya Emancipation Park ipo hata leo. Wanaoeleza kwamba siku hiyo "ilitambuliwa" mwaka 2021, Rais Biden alipotia sahihi sheria ya kuifanya sikukuu ya taifa, wamerudi katika -w- yao ile ile. Na kuhusu makampuni sina mengi. Mwaka 2022 duka moja kubwa la Marekani lilitengeneza aisikrimu ya 19 Juni, likalaumiwa, likaomba radhi na kuiondoa. Aisikrimu huyeyuka, shaba ndiyo yenye kuhitaji uangalifu wetu.

Niliwahi kualikwa katika sherehe ya siku hiyo, ng'ambo, katika chuo nisichokitaja. Nikaombwa nifungue kwa maneno machache ya Kiswahili, kwa kuwa, nikaambiwa, ndiyo lugha ya mababu. Nilisoma, lakini moyo wangu haukutulia. Wengi mno wa waliovushwa Atlantiki kupelekwa Marekani walitoka pwani za magharibi, kuanzia Senegal hadi Angola. Na Kiswahili chetu, tusijidanganye, kilikuwa pia lugha ya misafara na ya dalali sokoni. Nilikuwa nimeketi garini narudi nyumbani nilipokumbuka kwamba kanuni ya pili ya Kwanzaa, sherehe iliyoasisiwa California mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili, ni kujichagulia. Ile -ji- niliyokuwa nikiitafuta walikuwa wamekwisha ichukua kwetu, pamoja na lugha nzima, pasipo kungoja tuwape. Nimeacha kuwasahihisha.

Huku kwetu je? Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa kwa mkataba wa Sayyid Barghash wa mwezi Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wamisionari wakaweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale. Askofu Edward Steere, ambaye sisi wa fani hii tuna deni kubwa kwake kwa kazi yake ya Kiswahili, amezikwa humo. Kanisa lililojengwa juu ya soko ni usemi wenye nguvu, nami siubezi. Lakini mtenda wake ni nani? Ni kanisa. Aliyeuzwa hapo hakuwa na sura mpaka mwaka 1998, Clara Sörnäs wa Sweden alipowachonga watu watano wakiwa wamesimama katika shimo, minyororo shingoni. Hawa angalau hawakupiga goti mbele ya mtu. Hakuna Lincoln hapo. Mgeni hulazimika kuwainamia yeye. Kisha huongozwa hadi vyumba vya chini vya jengo la jirani na kuambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa, hali jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Ukumbusho usiohitaji uongo umepewa uongo, na anayeugundua atatilia shaka hata yaliyo kweli.

Katika maandishi yetu kitabu cha kwanza cha kupimwa ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu sana kwa kuwashukuru Waingereza pasipo kiasi, na lawama yenyewe ni ya haki. Hata hivyo naomba tusiende mbio. Mbotela aliandika akiwa mtoto wa mtu aliyetekwa, akaokolewa na Waingereza, akaletwa Freretown karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na misheni mwaka 1875. Nani atamwambia mtoto huyo kwamba baba yake alijikomboa? Shukrani yake ni ya kweli, kama zilivyokuwa za kweli zile dola 5 za Charlotte Scott. Kosa laanza pale taasisi inapoichukua shukrani ya mmoja na kuifanya kuwa mkao wa wote.

Maana wengine hawakuokolewa na jahazi la mtu. Katika miaka ya 1870 na 1880 watoro wa mashamba ya pwani walijijengea makazi bara, kama Fuladoyo, wakalima na kujilinda. Wengine wengi walijificha Rabai, chini ya misheni. Mwanzoni mwa mwaka 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alifanya sherehe hapo Rabai, akawagawia watoro zaidi ya 1,400 hati za uhuru, baada ya kuwalipa mabwana wao fidia. Tazama ujanja wa jambo hili. Watu walikuwa wamekwisha kwenda zao. Fedha ikapewa walioachwa, hati ikapewa waliokwisha ondoka, na jina la mkombozi likachukuliwa na mwenye mfuko. Vivyo hivyo sheria ya Unguja ya mwaka 1897: mtumwa aende mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana alipwe.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kurasa za Mbotela na kalamu mbili, nyekundu ya kupigia mstari kila kauli ya kutendwa, na ya buluu kwa kila -ji-. Juma la pili mmoja wao, ambaye kwao ni Kisauni, alikuja kuniuliza atumie rangi gani kwa kitenzi kukimbia, kisicho na hii wala ile. Nikamwambia anunue kalamu ya tatu.