Nyumba ya Moka na Watu wa Kilwa

Kwetu Kilwa mzee akianza kuhesabu nasaba yake, hesabu haiishii pwani. Atamtaja baba, babu, babu wa babu, na kabla chai haijapoa keshavuka bahari, yuko Shirazi. Huko, kwa mujibu wa tarehe za Kilwa, ndiko walikotoka watu wa Ali bin Selimani, aliyefika na majahazi, akamkuta mwenyeji, akakinunua kisiwa kwa nguo. Nguo nyingi, za kutosha kukizungusha kisiwa chote. Mwenyeji akapokea nguo zake akavuka kwenda bara, na mkondo ukaongezwa kina ili hata maji yakipwa asiweze kurudi kwa miguu.

Nimekua nikikisikia kisa hiki na sikuwahi kuuliza yule mtu wa nguo alikwenda wapi. Nilianza kuuliza ukubwani, nikisoma habari za ukoo usionihusu: ukoo wa walowezi wa Kifaransa kule Mauritius, kama unavyosimuliwa na kijukuu wao, J.M.G. Le Clézio.

Le Clézio alizaliwa Nice mwaka 1940 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wazee wake walitoka Bretagne mwishoni mwa karne ya 18 wakahamia kisiwa ambacho Wafaransa walikiita Île de France. Waingereza walikiteka mwaka 1810, lakini kwa masharti ya kusalimu amri walowezi waliachiwa lugha yao, dini yao, sheria zao na mali yao. Katika neno hilo “mali” walikuwemo watu. Ukoo wa Le Clézio ukawa raia wa Uingereza wanaoongea Kifaransa, wenye nyumba kubwa ya mbao huko Moka, iitwayo Eurêka. Kisha babu yake mwandishi akaondolewa katika nyumba hiyo kwa ugomvi wa kifamilia. Tangu hapo ukoo una jambo la kusimulia, na vitabu kadhaa vya mjukuu vinaizunguka nyumba ile kama paka anayezunguka jiko lililozimwa.

Kilicho bora kati yake ni kidogo, na hakisomwi sana: Voyage à Rodrigues, cha mwaka 1986. Babu yule alikuwa hakimu, mtu wa sheria na tai, lakini alitumia miaka mingi ya maisha yake kuchimba bonde moja kisiwani Rodrigues akitafuta hazina ya haramia. Alikuwa na ramani, alama za siri na hesabu za pembe. Mjukuu anakwenda bondeni humo na karatasi zilezile. Anakuta mashimo ya babu, mawe yaliyochongwa alama, jua kali na ukimya. Hazina hakuna. Mjukuu anaitazama kazi ya babu na kutambua kwamba mtu aliyepoteza nyumba alikuwa akitafuta chini ya ardhi kitu cha kuinunulia nyumba nyingine, au pengine sababu tu ya kutorudi mjini.

Nakipenda kitabu hiki kwa sababu hakijifanyi kujua. Kutafuta mababu ni kazi inayomshawishi mtu kudanganya: ukipata tarehe mbili, unashona ya tatu katikati. Hapa Le Clézio anaacha pengo libaki pengo. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa riwaya juu ya mkasa huohuo, Le Chercheur d'or, yenye bahari tele, mapenzi na vita. Ni nzuri kuliko safari ile ya Rodrigues. Naiamini kidogo zaidi.

Miaka 17 baada ya safari ile ndipo alipofika kwetu. Katika riwaya ya Révolutions, ya mwaka 2003, kijana Jean Marro anakulia Nice akimsikiliza shangazi mzee asiyeona, anayemsimulia nyumba iliyopotea kisiwani. Sambamba na kijana huyo anatembea babu mkuu wa ukoo, Jean Eudes Marro, askari wa Mapinduzi ya Ufaransa anayeondoka Bretagne na mkewe mwaka 1798 kwenda kuanza upya ng'ambo. Msomaji yeyote aliyewahi kutafuta mababu zake atamtambua mara moja. Huyu ndiye babu tunayemtaka sote: maskini, shujaa, aliyeondoka kwa sababu ya haki.

Lakini itazame tarehe. Bunge la Mapinduzi lilifuta utumwa katika makoloni yote Februari 1794. Mwaka 1796 wajumbe wawili kutoka Paris, Baco na Burnel, waliteremka Île de France kutekeleza amri hiyo. Walowezi waliwakamata na kuwapakia melini baada ya siku chache tu. Kwa hiyo kisiwa ambacho babu wa riwaya anakitafutia uhuru mwaka 1798 kilikuwa, miaka miwili nyuma, kimeufukuza uhuru huo bandarini. Mlowezi aliyefika wakati huo hakukuta ukurasa mtupu. Alikuta watu waliokwisha kuamua, na kila bakuli la sukari mezani lilikuwa sehemu ya uamuzi huo. Riwaya inamwacha Jean Eudes akichukizwa na biashara ya watu, na sina sababu ya kusema wachukizwaji hawakuwepo. Ninachouliza ni mkono gani uling'oa visiki vya shamba lake.

Nadhani Le Clézio naye alijiuliza. Ndiyo maana katikati ya riwaya anaingia Kiambé, binti anayekamatwa bara, anayepitishwa Kilwa na kuuzwa kisiwani, ambaye maisha yake yanakutana na kisa cha Ratsitatane, mwana wa kifalme wa Bukini aliyekatwa kichwa Port Louis mwaka 1822. Anapewa nafsi ya kwanza. Niliposoma jina la Kilwa katika kitabu kile nilikifunga, nikatoka nje kidogo. Hujazoea kukutana na kwenu katika kumbukumbu za watu wa Nice.

Niliporudi nikasoma kwa makini, na ndipo raha ikapungua. Kwa sikio la Kiswahili jina lake liko kati ya kiumbe na kiambo, na hilo pekee lingeweza kubeba sura nzima. Lakini Kiambé anasema kwa mwendo uleule wa sentensi za akina Marro: bahari, anga, kumbukumbu, jina lililopotea. Ametiwa ndani ya wimbo wa ukoo uliomnunua. Ni heshima, na ni namna nyingine ya kumpangia chumba katika nyumba ya Moka. Simlaumu mwandishi kwa kubuni. Huyu binti hana daftari ambalo angeweza kulinukuu. Namlaumu kwa kubuni bila mashimo, yeye ambaye kule Rodrigues alijua thamani ya shimo tupu.

Kuna jambo jingine, na hili linanihusu mimi kuliko yeye. Kilwa ya riwaya ni mlango wa kupitia. Kilwa ya kweli ilikuwa na watu wenye mahesabu. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Morice, mfanyabiashara kutoka visiwa hivyo, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kila mmoja, na juu yake zawadi ya piasta mbili kwa Sultani kwa kila kichwa. Mkataba uliwekwa wa miaka 100. Haukudumu miaka hiyo, lakini unasomeka mpaka leo, na mwandishi wa habari za pwani, Freeman-Grenville, aliuchapa pamoja na karatasi nyingine za Morice mwaka 1965.

Piasta mbili. Nimezifikiria kuliko zile ishirini. Ishirini ni biashara. Mbili ni adabu, kitu kidogo cha kumpa mwenye mji.

Mjukuu wa mlowezi akitaka kutafuta wazee wake ana pa kuanzia. Kuna daftari za parokia za Bretagne, hati za mashamba, wosia, makaburi yenye majina kamili. Hata kukomeshwa kwa utumwa kuliongeza karatasi upande wake. Utumwa ulipofutwa Mauritius, tarehe 1 Februari 1835, serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 2 na ushei kwa kisiwa hicho, ikawalipa wenye watumwa, na kila aliyedai aliandikwa. Zaidi ya watu 60,000 waliodaiwa fidia hawakupata senti. Walipata miaka mingine ya kazi ya lazima iliyopewa jina la uanagenzi. Nao wamo katika madaftari ya usajili yaliyohifadhiwa London: jina moja la Kifaransa, umri wa kukisia, kimo, kazi. Mahali pa asili, mtu wa bara letu anaandikwa “Mozambique”, awe Mmakua, Myao au mtu wa nyuma ya Kilwa. Ukifika hapo, ukoo umeshakatika, na hakuna ramani ya haramia itakayokusaidia.

Upande wetu hauna hata daftari hilo. Tuna nasaba, na nasaba ni kitu kinachochagua. Nilijaribu kuipanda ya kwetu. Kwa baba nilifika majina sita kabla ya kutua Shirazi kwa kishindo, bila kituo njiani. Kwa mama nilifika jina la tatu, la bibi mmoja, na hapo watu wazima wakaanza kukohoa. Huyo bibi alikuwa mtu wa bara. Alifikaje pwani, nani alimleta, kwa nini jina lake ni jina la siku aliyozaliwa wakati dada za mumewe wana majina ya mabinti wa Mtume: hayo hayakuelezwa. Ndipo nilipoelewa kwamba sijui mababu zangu walishika upande gani wa kamba, na kwamba huenda walishika pande zote mbili, wakaoana.

Kwa hiyo nikimhukumu Le Clézio kwa babu yake aliyesafishwa, najua ninaongea kutoka wapi. Yeye angalau, katika ukurasa wa riwaya ya Kifaransa, aliliandika jina la Kilwa karibu na jina la ukoo wake. Sijaona wangapi kati yetu wameandika yale ya piasta mbili karibu na jina la ukoo wao.

Mwaka jana nilimuuliza babu yangu mdogo, ambaye ndiye mwenye kuihifadhi nasaba yetu. Tulikuwa tumekaa gatini Kilwa Masoko tukisubiri mashua ya kwenda Kisiwani. Nilimwambia habari za Morice na Sultani, nikamuuliza kama katika majina yale sita yumo aliyekuwa hai mwaka 1776. Alihesabu kwa vidole, kimya, akafika kidole cha nne akasita. Kisha akamuuliza nahodha kama maji yameshaanza kujaa.