Kirikuu na Kigari

Wako wasomi wanaochukizwa kusikia lori dogo mno likiitwa kirikuu. Lugha yetu, wasema, ina ki- yake ya kulifanya neno kuwa dogo. Basi na liitwe kigari, tuachane na neno lisilo na asili. Twaiheshimu hoja yao, lakini hatuikubali.

Yafaa kwanza kitazamwe kitu chenyewe. Suzuki Carry ni gari la Kijapani, na aina yake huko kwao sheria yaiwekea mpaka: urefu usizidi mita 3.4, wala injini isizidi sentimita za ujazo 660. Laletwa pwani hii likiwa limekwisha tumika, nalo hupakia magunia ya unga, nazi au vyombo vya mtu anayehama, likapita katika vichochoro vya Lindi na Kilwa Masoko ambamo lori kubwa haliingii. Sasa mwulize mwenyewe, anayelisha watoto kwa gari hilo, kama ana kigari. Ki- hudogosha, lakini pia hudharau: tazama kijitu na kizee (ingawa kijana hatukanwi kwa ki- yake). Kigari ni neno la mtu anayecheka, au la mwenye mali anayejishusha kwa adabu. Sarufi yalikubali; maana yazidi kiasi. Hapo ndipo wasomi wetu walipopitiwa.

Wengi hulihusisha neno kirikuu na Kirikou, mtoto mdogo ajabu na shujaa katika sinema ya katuni ya Mfaransa Michel Ocelot, ya mwaka 1998. Nasi twaona limepokewa vema. Mwanzoni sikio la Mswahili lasikia ki-, mwishoni lasikia -kuu. Udogo na ukubwa vimekaa katika jina moja, na hakuna aliyedharauliwa.

Ama kuhusu asili, gari nalo ni neno la Kihindi, lililovuka bahari ile ile iliyoleta bidhaa Kilwa. Na bajaji, ya magurudumu matatu, ni jina la kampuni ya India, Bajaj. Anayefukuza wageni na afukuze wote. Hapo katika kigari atabakiwa na ki- peke yake.

Lawama yetu ni moja tu, nayo yawahusu waandishi: wengine huandika kirikou, wengine kirikuu. Na liandikwe kwa u mbili, kama linavyotamkwa.