Pistoni Iliyogoma: Breki za Mercedes W123

Dereva anakanyaga breki, usukani unavuta kushoto. Wengi hapo hukimbilia duka la vipuri kununua pedi mpya. Kwenye Mercedes W123, gari lililozinduliwa 1976 na kutengenezwa hadi 1986, fundi mzoefu huzisoma kwanza pedi kuukuu.

Kalipa ya mbele ya gari hili haichezi. Imekazwa kwa boliti mbili, na ndani yake pistoni mbili zinaibana diski huku na huku. Kwa hiyo pedi zikichomolewa, moja ikiwa bado nene na mwenzake imelika hadi waya wa taa ya tahadhari, ushahidi umepatikana: pistoni ya upande wa pedi nene imegoma.

Chanzo ni kutu. Pistoni haina springi ya kuirudisha. Kazi hiyo inafanywa na ringi ya mpira ambayo hujipinda breki ikikanyagwa, kisha hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana. Kifuniko cha vumbi kikichanika, maji huingia, chuma huliwa, na kutu huikwamisha pistoni, isitoke vizuri wala ringi isiweze kuirudisha. Pedi mpya hazitibu ugonjwa huo.

Kalipa hubadilishwa zote mbili za ekseli moja, pamoja na hosi zake. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani: mafuta ya breki yanapita kwa shinikizo la mguu, lakini kurudi yanasuasua. Kalipa ikifunguliwa bila kutenganishwa na hosi, huning'inizwa kwa waya, kamwe si kwa hosi. Vumbi la pedi za enzi hizo halipulizwi kwa upepo wa kompresa, maana huenda lina asbesto. Hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Kosa linalowachosha wengi linakuja mwishoni. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, boliti zinakubali kabisa, ila niplo ya kutolea upepo inakaa chini. Hewa hupanda juu ya mafuta, kwa hiyo hata chupa nzima ya mafuta ikiisha, pedali inabaki laini kama sponji.

Niplo ikiwa juu, mafuta ya DOT 4 hutiwa kutoka chupa mpya, kwani yaliyonyonya unyevu huchemka mapema: kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 yakiwa makavu, 155 yakiwa na maji. Kabla gari halijasogea, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu. Baada ya safari fupi, fundi anasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia, kisha ya kushoto, akilinganisha joto.