Lugha ya Kugawanya kwa Njia Ndefu: Uhakiki wa Maelezo Wapewayo Watoto

Kugawanya kwa njia ndefu kwajulikana kuwa hesabu ngumu katika shule za msingi, na aghalabu lawama humwangukia mtoto au hesabu yenyewe. Ni nadra lugha ya maelezo kutiwa hatiani. Lakini tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, lugha hiyo imekuwa jukumu la wanaisimu kama ilivyo la walimu.

Maelezo yaliyozoeleka ni haya. Mtoto hupewa 824 agawanye kwa 4. Huambiwa: "Nne katika nane inaingia mara mbili; andika mbili juu. Nne katika mbili haiingii, shusha nne. Nne katika ishirini na nne inaingia mara sita." Si wachache waandikao 26 badala ya 206. Kisha hupewa amri nyingine: "Isipoingia, weka sifuri." Amri hiyo ni sahihi, ila haina sababu ndani yake, aliyeisahau hana pa kuitafuta.

Kasoro ya kwanza ya maelezo hayo ni kwamba yasema jambo lisilo kweli. Tarakimu ya kwanza ya 824 haisimamii nane tu, bali mamia manane. Ya pili yasimamia makumi mawili. Kiswahili kina njia nzuri ya kuilinda tofauti hiyo, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Asemaye "mawili" amekwisha kudokeza kwamba liko jina la ngeli ya ma- linalohesabiwa. Asemaye "mbili" peke yake ameiacha idadi bila jina lake. Kauli "makumi mawili hayatoshi kugawiwa watoto wanne kumi kumi" yaeleweka hata na mtoto asiyejua hesabu nyingi. "Nne katika mbili haiingii" ni fumbo kwake. Kweli, sita, saba na tisa, kwa kuwa zilitoka katika Kiarabu, hazichukui kiambishi. Kwa hiyo hapo mwalimu hana budi kulitaja jina lenyewe: mamia sita, makumi saba.

Hoja hii ina uzito zaidi kwa kuwa majina ya makumi hayamsaidii mtoto. Sitini, sabini na tisini zafanana na sita, saba na tisa, maana asili yake ni moja. Bali ishirini haifanani na mbili, wala thelathini na tatu, wala arobaini na nne, wala hamsini na tano, wala themanini na nane: majina ya makumi ni ya Kiarabu, ya mamoja ni ya Kibantu. Asikiaye "ishirini" hasikii mbili ndani yake. Akiambiwa "makumi mawili" aisikia.

Kasoro ya pili ni ya kitenzi. Mtoto huja shuleni akijua kugawa, kugawia na kugawana, na masomo ya mwanzo huutumia ujuzi huo: machungwa 12 kwa watoto 4, kila mmoja apata mangapi? Njia ndefu ifikapo, kitenzi hubadilika ghafla kuwa "kuingia", kilichofuata mno nyayo za Kiingereza. Nacho chauliza swali jingine: nne nne ngapi zapatikana? Jawabu ni lile lile, lakini maana imegeuka, na mtoto hakuonyeshwa ilivyogeuka.

Kitenzi cha kugawia chaweza kuichukua kazi yote. Mathalani, 736 kwa 4, kwa vijiti: matita 7 ya mia, vitita 3 vya kumi, na vijiti 6. Kila mtoto apata tita 1. Yabaki matita 3, yasiyotosha. Yafunguliwe: ni vitita 30, na vile 3, jumla 33. Kila mmoja apata vitita 8, chabaki 1. Kifunguliwe: ni vijiti 10, na vile 6, jumla 16, kila mmoja apata 4. Jawabu ni 184. Kiitwacho "kushusha" kumbe ni kufungua na kuchanganya. Neno "shusha" laeleza mwendo wa kalamu tu. Na katika 824, vitita 2 havitoshi watoto wanne: kila mmoja hapati kitita hata kimoja, na sifuri huandikwa ili kusema hivyo.

Yaweza kujibiwa kwamba maelezo haya ni marefu, na mtihani hausubiri. Ni kweli, mwenye kuelewa na afupishe. Tena "mara ngapi" ina mahali pake. Katika 736 kwa 23, makumi 73 yagawiwapo watu 23, kila mmoja apata makumi 3, yabaki 4, hayo pamoja na 6 ni 46, kila mmoja apata 2, jawabu 32. Kujua kwamba ni makumi matatu wala si manne kwahitaji kukadiria na kukariri jedwali la kuzidisha, na hakuna lugha iwezayo kuiondoa kazi hiyo.

Lidaiwalo ni kwamba kifupisho kifuate maana, kisiitangulie. Mtoto aliyeandika 26 hakukosa usikivu: alifuata kila neno aliloambiwa, na neno "makumi" halikuwamo.